Makofi ya Jumatano

Nyie mlionirithi kile chumba cha mwisho, jirani na stoo ya magodoro, mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijasahau. Msiwe na wasiwasi, sisahau. Hata ningetaka kusahau nisingeweza. Mambo ya vyeo na semina sitayagusa. Vyeti viko sandukuni na panya wanaendelea navyo. Nitaandika ya wagonjwa, na hasa ya mgonjwa mmoja, fundi cherehani, ambaye alikatwa mguu na baadaye tukamzika, na sehemu kubwa ya kaburi lile niliichimba mimi kwa mdomo wangu. Nasema mapema ili msome mkijua tunakokwenda.

Kliniki ya sukari nilipelekwa nikitokea wodi ya wazazi. Kule mtu anaingia mmoja anatoka na mwenzake mkononi, kuna vigelegele, kuna mashangazi wanaleta uji kwenye chupa za chai. Huku nikakuta watu wamekaa kwenye mabenchi kimya, wengine wamefunika miguu kwa khanga, na hakuna aliyemletea mwenzake chochote. Niliona nimeadhibiwa. Asubuhi ile ya kwanza nililia chooni, nikanawa uso, nikaingia.

Aliyenipokea alikuwa Sista Yustina, muuguzi mtu mzima, mzaliwa wa Sikonge, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Wagonjwa walimwita Bibi Miguu na wala hakukasirika. Hakunipa kalamu wala daftari. Alinipa beseni, taulo, na kipande cha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki alichokichomeka kwenye kalamu iliyokwisha wino.

"Shika," akaniambia. "Hii ndiyo mashine yako. Ile ya betri ni msaidizi tu."

Kazi ya uzi ule mnaijua, lakini wakati huo mimi nilikuwa siijui. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa unyayo kwa ncha ya uzi mpaka ujipinde kidogo, naye akisikia aseme "ndiyo". Asiposema, hapo hana hisia tena, na mahali pasipo na hisia panaweza kuungua, kuchomwa na kuoza mwenyewe asijue. Sista Yustina alikuwa anainama kwenye kila mguu, anaangalia katikati ya vidole, na mwisho ananusa. Nilimwona mchafu, Mungu anisamehe. Siku hiyo hiyo aliniambia neno nililolishika miaka mingi, kisha nikaliacha siku niliyolihitaji.

"Mwanangu, damu ya kidoleni inakuonyesha leo tu. Mguu unakuonyesha mtu anavyoishi. Hata awe nani, usimwache atoke humu hujamvua viatu."

Mgonjwa wangu wa kwanza kabisa alikuwa mama wa upande wa Igunga, mke wa mfugaji, amekuja na katambuga, vile viatu vya tairi. Nilipomvua, msumari ukatoka pamoja na kiatu. Ulikuwa umetoboa tairi ukaingia unyayoni, na mama wa watu ametembea nao tangu alfajiri kutoka alikofikia hadi hospitali, bila hata kuchechemea. Aliutazama, akaugeuza geuza, akacheka. "Ee! Kumbe na huyu naye alikuwa anakuja kliniki?" Mimi nilishindwa kucheka. Miezi mitatu baadaye tuliukata mguu ule.

Nilijifunza kufundisha kwa kukosea. Ukisimama mbele ya watu ukasema "punguzeni sukari", mtu anarudi nyumbani anaacha sukari ya kwenye chai, halafu anakaa chini na mlima wa ugali ambao akiuegemea hauanguki. Na msinitajie asali. Hapa kwetu Tabora asali si chakula, ni ukoo. Baba mmoja alikuja akijisifu kwamba ameacha sukari kabisa, nikamuuliza chai anakunywaje, akasema anaweka asali vijiko vitatu. Nikamwambia, baba, hiyo ni sukari. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake. "Hii ni ya nyuki, Sista! Hii haijapita kiwandani!" Tulibishana mpaka muda wa kliniki ukaisha. Wiki iliyofuata aliniletea chupa nzima kama zawadi, ili nionje nitubu.

Michembe nayo, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kila mtu alidhani haihesabiwi kwa kuwa inatafunwa njiani. Nikasema ugali usizidi ngumi yako. Mchimba visima mmoja akanyanyua ngumi kama kichwa cha mtoto, akauliza kwa adabu zote, "Hii hapa, Sista?" Basi ikabidi nibadilishe, nikaanza kubeba sahani na bakuli, nikawa napakua mbele yao. Mboga nusu ya sahani, ugali robo, maharage au dagaa robo. Niliwaita na wanaopika, maana kumfundisha mwanaume wa Tabora habari za sahani bila mkewe kuwepo ni kupoteza maji ya kunywa. Hayo niliyafanya vizuri. Nayasema kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Sista Yustina alistaafu, akarudi Sikonge kulima, akafariki. Mimi nikabaki na chumba. Wagonjwa waliongezeka. Mabenchi yalikuwa mawili yakawa matano, na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, siku yetu ya kliniki, watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Mashine ilikuwa moja, na ikigoma niliipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kile kipimo kinachosema sukari imekwendaje kwa miezi mitatu hatukuwa nacho. Tulikuwa na tone la damu la asubuhi ile, basi.

Na miguu iliendelea kukatwa. Mtu niliyemfundisha kwa mkono wangu, niliyempakulia ugali wa mfano, namkuta wodini shuka limelala tambarare upande mmoja. Nikawa mkali. Nilianza kufoka. "Umekula nini? Sema ukweli! Unadhani mimi natengeneza miguu hapa?" Watu wazima, wenye wajukuu, walikuwa wanainamisha vichwa mbele yangu kama wanafunzi waliochelewa. Nilijiambia nawapenda, ndiyo maana nawafokea. Labda ilikuwa kweli. Uchovu nao ulikuwepo, na hasira, na mtu akichoka vizuri hawezi kuvitenganisha.

Ndipo nikabuni makofi. Hakuna aliyenituma, msimtafute mkubwa wa kumlaumu. Niliona ukali peke yake hautoshi, nikasema niweke na furaha. Kila Jumatano nilisoma namba ya kila mtu kwa sauti, mbele ya wote. Aliyesoma chini ya saba alisimama, mimi nikasema, "Pasheni mikono!" Wakasugua viganja. "Moja, mbili, tatu!" Pa, pa, pa. Mtu anakaa akiwa na tabasamu mpaka masikioni. Aliyesoma juu ya kumi na tano alihamia benchi la ukutani, na huko nilikuwa na maneno yake. Wenyewe waliliita benchi la wazembe. Nilisikia, sikuwakataza.

Namba zikaanza kushuka. Mwezi wa kwanza watano walipigiwa makofi, mwezi wa tatu kumi na mmoja. Nilikuwa natembea kwenye korido shingo imenyooka. Wenzangu wa vitengo vingine wakaja kuangalia, wakaniuliza nimewafanyaje. Nikawaambia ni nidhamu tu.

Mzee Kasanda alikuja kwetu kabla kidogo ya makofi hayo kuanza. Fundi cherehani, mzee wa kanisa, nyumbani kwake Chemchem, baraza yake ya kushonea iko Gongoni. Mrefu, mkimya, suti yake ya kahawia ameishona mwenyewe na ilimkaa kuliko za watu wa maofisini. Mara ya kwanza alisoma kumi na tisa. Nilimfokea kama nilivyowafokea wote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Haitarudia."

Na kweli haikurudia. Mwezi uliofuata makofi yalikuwa yameanza, naye akasoma sita nukta nne. Uliofuata sita kamili. Kisha tano na kitu. Mwaka mzima hakuwahi kuvuka saba. Nilifurahi mpaka nikamfanya mwenyekiti wa kikundi, na kila Jumatano nilimpa dakika kumi awaelekeze wenzake anavyofanya, wakati mimi nimetoka kwenda kuchukua dawa. Nikirudi nawakuta wameinamiana wanamsikiliza kwa makini kuliko wanavyonisikiliza mimi. Nilimshukuru Mungu kwa mzee yule.

Sasa viatu. Sheria ya Sista Yustina niliendelea nayo, kila mtu alivua pale pale kwenye benchi. Siku ya ile sita nukta nne, nilipomfikia Mzee Kasanda na beseni langu, aliniinamia sikioni.

"Sista, yule mama wa pale dirishani ni mkwe wangu. Kijana wangu amemuoa binti yake. Nivue soksi mbele yake, niinue suruali, nioshwe miguu?"

Nyie mnatoka huku, mnajua. Mkwe ni mkwe. Mtu anaweza kuzunguka mtaa mzima asikutane naye njiani, leo umkalishe mbele yake miguu wazi. Ningeweza kumpeleka chumbani. Kilikuwa hatua sita. Lakini foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na namba yake ilikuwa nzuri, na yeye alikuwa mzee wa watu, umri wa baba yangu.

"Basi mzee," nikamwambia, "wewe nakuamini. Kajiangalie nyumbani."

"Ahsante, mwanangu. Umenisitiri."

Ikawa hivyo kila mwezi. Mwaka na miezi miwili sikuuona mguu wa Mzee Kasanda.

Mkewe, Mama Rehema, alikuja siku moja peke yake. Haikuwa Jumatano. Alisimama mlangoni na ndoo ya plastiki mkononi, ametoka sokoni. Mimi nilikuwa najaza taarifa za mwezi na nilikuwa nimechelewa.

"Shikamoo, Sista." Alikuwa amenizidi umri na bado aliniamkia. Ilikuwa heshima ya koti jeupe.

"Aa, mama, shikamoo wewe. Karibu, lakini nina haraka."

"Nimekuja kwa ajili ya baba Rehema. Huyu mzee siku mbili kabla ya kuja kwako anakuwa kama si mtu. Hali chakula. Ukimpakulia anasogeza sahani."

Niliendelea kuandika. Nakumbuka kabisa, niliendelea kuandika. "Mama, hiyo ndiyo nidhamu tunayoitaka. Mumeo ndiye mfano wetu hapa. Kama ungempikia hivyo tangu zamani tusingefika huku."

Akaweka ndoo chini. Kisha akasema, "Halafu kuna huu mguu wake wa kulia, anauficha..."

"Mama, mwambie aje Jumatano. Leo si kliniki."

Akasema haya, akainua ndoo yake, akaondoka. Sikumwangalia usoni. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka uso wake wakati ule, siupati, kwa sababu sikuuangalia.

Jumatano iliyofuata Mzee Kasanda alikuja. Alisoma tano nukta tisa. Nilimwona anatokwa jasho na midomo inatetemeka, nikadhani ni joto, mwezi ule wa kumi mnajua Tabora inavyowaka. Nikasema pasheni mikono. Watu wakapasha, pa, pa, pa. Alijishika ukutani kusimama. Kulikuwa na harufu siku ile kwenye chumba, nami nikamtuma mhudumu akafungue madirisha upande wa stoo, nikidhani panya amekufa kwenye magodoro.

Siku nane baadaye, Alhamisi, aliletwa na bajaji. Mama Rehema na jirani mmoja walikuwa wamemshika huku na huku. Alikuwa anahema haraka haraka, ulimi mkavu, na anaongea maneno ya kanisani yasiyo na mpangilio. Nilimchoma kidole. Mashine haikutoa namba, ikaandika zile herufi zake mbili za kusema imezidi uwezo wake. Nikasema mashine imeharibika. Nilisema hivyo kweli, kwa sauti. Nikaenda kuazima nyingine wodi ya wanaume, nayo ikaandika vile vile.

Tukamvua kiatu. Soksi haikutoka, ilikuwa imeshikana na mguu, ikabidi tuiloweshe kwa maji ya chumvi tuikate kwa mkasi. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na chini, pale kwenye mto wa unyayo, palikuwa na shimo ambalo ningeweza kuingiza dole gumba. Mhudumu alitoka nje. Mimi nilibaki. Ile harufu ya wiki iliyopita niliitambua mara moja.

Shimo lilitoka kwenye cherehani. Aliniambia mwenyewe baada ya dripu mbili, akili ilipomrudia. Pedali ya cherehani yake ya kukanyaga ni ya chuma yenye matundu, na ukingo mmoja ulikuwa umevunjika. Alikuwa anashona bila viatu tangu ujana, maana anasema kiatu kinamnyima kuhisi mwendo. Hisia zilipoanza kupotea, alikanyaga kwa nguvu zaidi ili aisikie pedali. Kadiri alivyoikosa ndivyo alivyozidisha. Ukingo ukamla polepole, miezi, hasikii.

"Lakini sukari yako, mzee," nikamwambia. "Sukari yako ilikuwa nzuri. Kidonda kingepona."

Alinitazama kwa huruma. Kwangu mimi, huruma! Yeye ndiye alikuwa kitandani.

"Sista, mwanangu, usikasirike. Jumapili jioni nikishakula ndiyo basi. Jumatatu chai kavu, Jumanne maji, na vidonge nameza mara mbili. Jumatano nakuja kwako. Nikitoka kwako nakula. Alhamisi nakula sana, maana njaa yake si ya kawaida. Halafu siku nyingine zote naishi tu kama watu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mara ya kwanza mliponipigia makofi. Hata siku ile nilikuja na njaa."

Nikamuuliza kwa nini. Swali la kipumbavu, lakini mdomo ulikuwa wazi na lilitoka lenyewe.

"Ulinipa uenyekiti," akasema. "Mkwe wangu yuko pale. Vijana niliowashonea sare za shule wako pale. Nisimame nisome kumi na tisa, niende kukaa kwenye lile benchi, ufoke? Mimi? Nilikuwa radhi kushinda njaa."

Daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe siku ile ile. Mzee Kasanda akakataa. Hakupiga kelele. Alisema, "Nitakanyaga na nini?" na akageukia ukuta. Mama Rehema alimsihi, mchungaji wake alikuja akamsihi, mwanawe akapiga simu kutoka Kaliua. Mimi nilipiga magoti kando ya kitanda, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na neno hata moja ambalo sikuwa nimeshalitumia kumfokea. Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu wekundu ulikuwa umepanda juu ya goti, naye akakubali kwa kuinamisha kichwa.

Walikata juu ya goti. Alikaa siku sita. Nilikuwa naenda kila saa ya mapumziko, nambadilishia bandeji mwenyewe ingawa si wodi yangu, wauguzi wa pale wakaniachia. Siku ya tano aliniuliza sukari imesomaje. Ilikuwa ishirini na mbili. Nikamwambia ishirini na mbili. Nilitaka angalau mara moja tuambiane ukweli, lakini nilimwona anavyofumba macho kwa aibu, na nikajuta hilo nalo. Siku ya sita mchana, wakati wa kuona wagonjwa, akafariki, mkewe akimpepea kwa karatasi la eksirei.

Kwenye msiba Chemchem nilikaa na wanawake jikoni, nikachambua mchele. Nilidhani nitajificha kwenye ungo. Mama Rehema alitoka ndani, amefungwa kitambaa cheupe kichwani, akaja akakaa mkekani karibu yangu.

"Nilikuja kukwambia, Sista," akasema. "Nilisimama pale mlangoni."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Nikamwambia, "Najua, mama. Ulikuja." Nikataka kuongeza nisamehe, nikapepeta ungo badala yake, mchele ukamwagika. Akanipokonya ungo taratibu, akaendelea kuchambua yeye, mjane siku ya msiba wake mwenyewe, ili mikono yangu isiendelee kumwaga mchele wa watu.

Jumatano ya mwezi uliofuata nilifungua kliniki kama kawaida. Walikuja wote. Benchi la ukutani nililitoa mapema asubuhi nikaliweka korido. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa kitupu na hakuna aliyekisogelea. Nikasimama mbele, daftari nimelifunga, mashine iko ndani ya boksi lake.

Nikawaambia leo sipimi mtu. Nikawaambia Mzee Kasanda amekufa kwa nini, na sehemu yangu ilikuwa ipi. Sikuipunguza. Nilisema kuhusu soksi, kuhusu mlango, kuhusu makofi. Mhudumu alinivuta koti nyuma ninyamaze, sikunyamaza. Kisha nikauliza, kwa upole ambao hata mimi ulinishangaza, maana nilikuwa nimeshausahau:

"Nani mwingine humu ameshinda njaa ili aje kupimwa na mimi?"

Nikasema simfokei mtu, nataka nijue tu. Yule mkwe wa Mzee Kasanda, mama mtu mzima anayesali kanisa moja naye, akanyanyua mkono nusu, usawa wa bega. Baba mmoja wa nyuma akanyanyua. Kisha wakanyanyua kama mvua inavyoanza kwenye bati, hapa mmoja, pale mmoja, halafu kote. Niliwahesabu. Walikuwa ishirini na saba ndani ya chumba. Mikono ilikuwa ishirini na mmoja.

"Nani aliwafundisha?"

"Mwenyekiti," akajibu yule baba wa nyuma. "Zile dakika kumi ulizokuwa unampa."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, maana kiti kilikuwa mbali. Sikulia. Nilikuwa nahesabu tena. Jumatano kwa Jumatano, mwaka na zaidi, zile namba zote nilizotembea nazo kwenye korido. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Sikuwa najua hali ya mtu hata mmoja mbele yangu, na wote walikuwa wananitazama wakisubiri nifoke.

Bibi mmoja, anayekuja na treni kutoka Kaliua na kulala kwa mdogo wake kila mwezi ili awahi foleni yangu, alikuwa bado ameuinua mkono wake. Alikuwa amesahau kuushusha, au aliogopa.

"Sista," akasema, "sasa tukija tumekula, utatupokea?"

Nikamwambia nitawapokea. Nikamwambia tena, ili asikie vizuri, na nikawaambia wote. Wakaitikia haya, kwa adabu, kama walivyokuwa wanaitikia siku zote.

Kliniki iliyofuata nilisubiri mpaka saa nane mchana. Walikuja tisa. Yule bibi hakuwemo. Nilimpigia mdogo wake simu, akasema dada hajambo, anaendelea vizuri, atakuja. Niliwatafuta wengine mpaka nilipostaafu, nyumba kwa nyumba, nikapata wanne, mmoja wao akiwa haoni tena. Majina ya waliobaki nimeyaacha kwenye droo ya juu, kulia. Wakija, msiwaulize walikuwa wapi.